Mail ya Windows imesitishwa: tuhamie Outlook mpya au tujichagulie wenyewe?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa naona ofisi nyingi ndogo zinaliamua bila kuuliza. Tangu tarehe 31 Desemba 2024 programu ya Mail iliyokuja pamoja na Windows 10 haitumi wala haipokei barua pepe, na Microsoft inatuelekeza sote kwenye programu yake nyingine ya barua, Outlook mpya. Mimi ni mmoja wa walioipenda Mail kwa dhati. Ilikuwa nyepesi, ilifunguka upesi hata kwenye kompyuta yetu kongwe ya mapokezi, iliziweka akaunti zangu tatu mahali pamoja, na haikuwa na vitufe vingi vya kumchanganya karani mgeni. Swali ninaloliweka mezani ni hili: tupokee tulichopewa, au tutafute programu nyingine na kuhamishia huko barua zetu?

Msimamo wangu ni kwamba tusiichukue Outlook mpya kwa sababu tu ndiyo iliyowekwa mbele yetu, na kwamba kigezo cha kwanza kisiwe sura ya programu bali mahali barua zinapokaa, na namna tutakavyozitoa siku programu hiyo nayo itakapositishwa. Nasema itakapositishwa kwa sababu tumekwisha kuyaona. Outlook Express tuliyoizoea enzi za Windows XP iliipisha Windows Mail ya Vista, nayo ikaipisha Windows Live Mail, ambayo huduma yake ilikoma Januari 2017, kisha ikashika nafasi hii Mail tuliyoipoteza sasa. Karani aliyeanza kazi mwaka 2003 na kufuata kila alichopewa amehamishwa mara nne na kampuni ile ile.

Tatizo kubwa la kuhamishwa huko ni vile barua zilivyokuwa zimefungiwa. Outlook Express iliweka kila folda ndani ya faili la aina yake yenyewe, na faili hilo lilipokaribia gigabaiti 2 lilianza kuharibika, likaondoka na barua za miaka. Linganisheni na Eudora, ambayo Steve Dorner aliianzisha mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kampuni ya Qualcomm iliacha kuiendeleza mwaka 2006, na watu wengi waliisikitikia, lakini barua zake zilikuwa maandishi ya kawaida ambayo mtu angeweza kuyafungua hata kwa Notepad. Programu ilikwenda, barua zikabaki kwa wenyewe.

Nitoe mfano wa karibu zaidi. Mimi nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, na Jumatatu asubuhi hali ilikuwa bado mbaya. Mteja alikuwa amesimama mbele ya meza yangu akihitaji hati ya shehena iliyokuwa imetumwa kwa barua pepe wiki mbili kabla. Wenzangu wanaosomea barua kwenye kivinjari waliangalia duara likizunguka. Mimi nilikuwa nimeiagiza Mail ishushe barua zote kwenye kompyuta bila kikomo cha muda, nikaifungua hati na kuichapa. Tangu siku hiyo siwezi kukubali kwamba barua za kazi zikae mahali pamoja tu, tena mbali.

Outlook mpya, kwa maelezo ya Microsoft wenyewe, mtu akiunganisha akaunti ya Gmail, Yahoo au ya mtoa huduma mwingine wa IMAP (njia ya kusoma barua huku zikibaki kwenye seva), nakala ya barua, kalenda na majina ya mawasiliano yake huwekwa kwenye seva za Microsoft. Maana yake ni kwamba sanduku ambalo jana lilikuwa kati yangu na mtoa huduma wangu leo lina mtu wa tatu. Toleo la bure lina matangazo pia, ingawa hayo ningeweza kuyavumilia. Kwa hiyo napendekeza Thunderbird, programu ya barua ya bure kutoka Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004, Mozilla iliipunguzia nguvu mwaka 2012 hata tukadhani imekwisha, lakini sasa inaendelezwa na kampuni tanzu ya wakfu wa Mozilla kwa michango ya watumiaji, na toleo la 115 la Julai 2023 liliifanyia ukarabati mkubwa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na nakuheshimu, lakini mimi ndiye ninayeitwa pale kompyuta ya ofisi inapokwama, na kwangu hesabu ni tofauti. Ninahudumia watumishi zaidi ya 40 ambao akaunti zao zote tayari ni za Microsoft, na kalenda ya vikao ni moja kwa wote. Kwa hao, Outlook mpya haiongezi mtu wa tatu yeyote, kwa sababu barua zao zilikuwa huko huko tangu mwanzo. Thunderbird kwa miaka mingi haikuweza kuzungumza na seva za Exchange, yaani seva za Microsoft za barua na kalenda za taasisi, bila kuongezewa kiongezi cha pembeni, yaani programu ndogo ya kupachikwa, na mimi siwezi kujenga kazi ya taasisi juu ya kiongezi.

Isitoshe, umeisifia sana hifadhi ya kwenye kompyuta bila kutaja upande wake wa pili. Thunderbird huweka folda nzima ndani ya faili moja. Barua unayoifuta haiondoki humo mpaka folda ibanwe, na nimekuta faili la gigabaiti 18 kwa mtu aliyedhani kikasha chake ni kitupu. Tena barua hizo hazikusimbwa, yaani hazikugeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Laptopu ikiibiwa kwenye daladala, mwizi akitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, anasoma mikataba ya wateja wako kama anavyosoma gazeti. Ile nywila kuu ya Thunderbird inalinda maneno ya siri yaliyohifadhiwa tu, haizilindi barua zenyewe. Unaogopa seva ya ng'ambo yenye walinzi, huuogopi mkoba usio na kufuli.

Mchangiaji wa pili

Kwa upande wangu naona mnabishania vyombo ambavyo wakati wake umepita, kwa sababu kivinjari kinatosha na kila kitu kipo kwenye simu. Hata hivyo nakiri kwamba siku bando linapoisha ndipo ninapokumbuka kwamba sina barua hata moja mkononi.

Mchangiaji wa tatu

Mimi bado ninayo Windows Live Mail kwenye kompyuta ya nyumbani na sijaona sababu ya kuiacha, ila akaunti yangu ya Outlook.com imegoma kufunguka humo tangu mwaka juzi. Naomba kuelezwa kama kuna dawa.

Mleta mada

Nianze na ndugu wa mwisho, kwa sababu jibu lake ni fupi. Dawa ndani ya Live Mail hakuna. Microsoft iliacha kukubali nywila tupu kwa akaunti hizo tarehe 16 Septemba 2024, na Google ilikwisha kufanya hivyo kwa akaunti binafsi mwaka 2022; siku hizi programu inatakiwa ifungue dirisha la mwenye akaunti, uingie humo, kisha ipewe kibali. Live Mail haikufundishwa hilo, wala hakuna wa kuifundisha tena. Habari njema ni kwamba Live Mail iliweka kila barua kama faili lake lenye kiishio cha .eml, kwa hiyo barua zako za zamani hazijapotea. Weka Thunderbird, ongeza kiongezi kinachoitwa ImportExportTools NG, kisha ingiza folda nzima kwa mkupuo.

Kwako ndugu unayehudumia watumishi 40, nakubali mambo mawili. Kwanza, taasisi ambayo akaunti zake zote ni za Microsoft haina sababu ya kuhangaika, na ningekuwa mahali pako ningeibakiza huko. Pili, umenikumbusha jambo ambalo sikulipa uzito: anayeweka barua kwenye kompyuta lazima aisimbe diski, na BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, kwa ukamilifu wake ipo kwenye Windows Pro, si kwenye toleo la nyumbani ambalo ndilo limejaa madukani. Hiyo ni gharama halisi na nitaiingiza kwenye hesabu zangu.

Lakini sikubali kwamba ofisi yetu ni sawa na taasisi yako. Sisi, kama maduka na mawakala wengi, tuna anwani yenye jina la kampuni iliyokodishwa kwa mtoa huduma wa hapa hapa nchini, na wateja wetu hututumia pasipoti, namba za utambulisho wa mlipakodi na ankara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Karani akibofya kitufe cha kuunganisha akaunti ndani ya Outlook mpya, taarifa hizo zinaweza kuvuka mpaka bila mkurugenzi kujua kwamba uamuzi umefanyika, na mwizi wa kwenye daladala hahalalishi jambo hilo.

Yupo ambaye atasema basi tutumie POP3, njia ya kushusha barua kutoka seva hadi kwenye kompyuta, tushushe kila kitu kisha tufute kwenye seva ili nafasi isijae. Tafadhali msifanye hivyo. Mwaka 2019 tulikuwa na mpango huo huo, diski ya kompyuta ya mhasibu ikaanza kugonga kama saa ya ukutani, na kufikia saa tisa alasiri mawasiliano ya miaka minne na wateja yalikuwa yamepotea. Nilikaa naye siku tatu tukiwapigia watu simu kuomba watutumie tena ankara zao, na wengine hawakuwa nazo. Sasa tunatumia IMAP, barua zinabaki kwenye seva na nakala inakaa kwenye Thunderbird. Kila Ijumaa nafunga programu, nanakili folda yake nzima kwenye diski ya nje, na diski hiyo inalala kwenye kabati la chuma. Ile diski ya nje ni ya lazima, kwa sababu IMAP hufuata seva: karani akifuta barua kwa bahati mbaya, inafutika kote, na nakala ya Ijumaa ndiyo inayotuokoa.

Suala la kalenda ya pamoja kwa ofisi isiyo na akaunti za Microsoft sijalipatia jibu linaloniridhisha. Aliyelitatua kwa watu watano au sita, bila kumlipa mtu kila mwezi, naomba atueleze alivyofanya hatua kwa hatua.