Jina la utani, lakabu na cheo: niandike lipi kwenye wasifu wa babu?

MjukuuWaFundi
Wakuu, habari za jioni. Naandika wasifu wa babu utakaosomwa kwenye arobaini yake, nimekwama kwenye neno moja. Babu alikuwa Mnyamwezi, fundi baiskeli Magomeni, na mtaa mzima ulimwita Spoku. Gurudumu likipinda, alilizungusha taratibu huku akigusa spoku moja moja kwa ukucha, anasikiliza. Iliyolegea aliijua kwa mlio kabla hajaitazama.

Niliandika "jina lake la utani Spoku". Baba mdogo akakata kwa kalamu. "Utani gani? Wateja hawakuwa watani wake. Jina la utani ni Mpagazi." Hilo walimpa Wazaramo, watani zetu. Siku ya mazishi walijilaza mlangoni kuzuia jeneza, eti mpagazi haondoki mpaka alipie mzigo, na hawakuinuka hadi walipopewa pesa.

Kuna tofauti kweli kati ya jina la utani na lakabu? Na "Fundi" nalo niliweke wapi?

MwalimuMstaafu
Pole sana na msiba, mwanangu. Baba yako mdogo ana hoja. Siku hizi jina lolote lisilo kwenye cheti tunaliita la utani, na tunaelewana. Lakini penye watani, utani una wenyewe. Mtu baki angemwita babu yako Mpagazi lingekuwa tusi; Mzaramo ni haki yake.

Spoku ni lakabu. Neno lina asili ya Kiarabu, nalo hubeba sifa ya mtu au kazi yake, na yeyote aweza kulitumia. Mtazame Mzee Mwinyi: alilegeza masharti ya biashara baada ya kuingia Ikulu 1985, watu wakamwita Mzee Ruksa. Urais ni cheo, aliukabidhi 1995. Ruksa hakumkabidhi mtu. Alikuwa nayo mpaka alipofariki 2024.

"Fundi" ni gumu zaidi. Ni kazi, ila likitangulia jina huwa heshima. Nyerere aliacha kufundisha Pugu 1955, na mpaka leo ukisema "Mwalimu" tu, hakuna anayeuliza yupi.

BarazaLaMombasa
Nakubaliana na mwalimu, ila si lazima lakabu itoke kwa watu. Moi alipoingia 1978 alisema mwenyewe kwamba atafuata nyayo za Mzee Kenyatta, na Nyayo likamganda. Uwanja wa michezo Nairobi wabeba neno hilo hadi leo. Pole dada.

MjukuuWaFundi
Shikamoo mwalimu, na asante kaka wa Mombasa. "Fundi" nimeliweka mbele kabisa ya jina lake, kisha nikaandika: "Lakabu yake Spoku. Watani zake Wazaramo walimwita Mpagazi." Baba mdogo kasoma mara mbili, kimya, halafu akachukua kalamu ile ile akaongeza: "naye aliwaitikia."