Kikundi chetu cha kina mama kinatimiza miaka 10, sherehe au tufanyeje?

MamaK_Uyole
Wapendwa habari za jioni, mimi niko Mbeya, Uyole. Tuna kikundi cha kina mama tupo 23, tulianza na upatu wa vyombo tu, baadaye tukaingia kwenye hisa na mfuko wa jamii, yaani kila wiki kila mtu anaweka 1,000 ya pembeni na hiyo haikopeshwi, ni ya kusaidia watu. Sasa mwezi wa saba tunatimiza miaka 10 na hapo ndo maneno yameanza. Wengi wanataka sare ya kitenge, ukumbi, MC na keki, hesabu waliyoleta inafika kama milioni moja na nusu, na mimi sikatai wenzangu wafurahi maana wamehangaika sana, ila roho inagoma kabisa hela ya mfuko wa jamii iende kwenye pilau.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mimi ndo katibu, mwenyekiti kaniambia niandike risala, tumesaidia wangapi kwa miaka yote hii. Nimekaa na madaftari siku tatu. La hisa liko safi mpaka mia ya mwisho, la mfuko wa jamii limeandikwa "mgonjwa 20,000", "msiba 50,000", "sare za watoto", basi. Watoto wangapi, shule gani, hamna. Nakumbuka mablanketi tuliyowapelekea wazee kipindi cha baridi, nakumbuka taulo za kike, nakumbuka binti mmoja tulimchangia nauli akaenda chuo, ila kwenye karatasi sina. Waliopitia hili mlifanyaje?

Kamwene_IR
Kamwene dada. Sisi Iringa tulibishana hivyohivyo, mwisho tukakubaliana kitenge na chakula kila mtu atoe mfukoni kwake, asiyenacho aje na gauni lake na asisemwe, mfuko wa jamii haukuguswa. Hela yake tukalipia kaya 15 CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, kipindi hicho ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, tulichagua bibi wanaolea wajukuu yatima maana huku kwetu unajua ukimwi ulivyotupiga.

Ila nikwambie ukweli tulipokosea. Mwaka uliofuata hatukulipia tena. Bibi mmoja kaenda zahanati na mjukuu ana homa, kaambiwa kadi imeisha, akanifuata nyumbani kuuliza kama ametukosea kitu. Mpaka leo nikikumbuka nalia. Kwahiyo chochote mtakachochagua pigeni kwanza hesabu ya mwaka wa pili na wa tatu, na kama ni bima nendeni ofisi ya kata mkaulize utaratibu wa sasa, mambo ya bima ya afya kwa wote yamebadilisha vitu vingi.

nesi_wa_zamu
Nipo wodi ya wazazi hapahapa Mbeya. Vikundi vinakuja na sabuni na juisi, tunashukuru sana kwa moyo, lkn naomba kabla hamjanunua mje muongee na muuguzi mfawidhi, kuna wiki tuna sabuni za kumwaga halafu kuna mama kaja na kanga moja tu na mtoto hana hata cha kufunikwa, na julai ya Mbeya mnaijua.

Kingine hakina gharama, DAMU. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndo kunaongoza kuua kina mama, na mmoja anaweza kuhitaji chupa zaidi ya moja usiku huohuo. Mwanamke anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi minne, awe na miaka 18 mpaka 65, uzito kuanzia kilo 50, asiwe mjamzito wala ananyonyesha, na wingi wa damu wanampima kwanza. Damu salama, wale wa mpango wa taifa wa kukusanya damu, wana kituo cha kanda hapa Mbeya, mkiwa kikundi ongeeni nao mapema mpange siku. Na mkija wodini msipige picha sura za wagonjwa jamani, mtu yuko kwenye uchungu.

BabaTukuyu
Naunga mkono damu. Kuhusu risala, Soroptimist, kile chama cha kina mama wa Marekani cha kusaidia jamii, walianza 1921 huko Oakland wanawake 80, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kupigania miti mikubwa ya redwood isikatwe. Zaidi ya miaka 100 imepita na tunaijua kwa sababu kuna mama aliandika. Wewe usitunge namba, kaeni mmoja mmoja akumbuke, andikeni jina la mtaa na mwaka hata wa kukisia mseme ni wa kukisia. Na kama kuna chemchemi imezungukwa na mikaratusi huko kwenu fikirieni kupanda mivengi badala yake, ni miti ya asili inayotunza maji.

MamaK_Uyole
Asanteni sana, nesi Mungu akubariki. Nimempigia mwenyekiti, kitenge kila mtu atajinunulia. Jumamosi naenda na daftari jipya, nimepiga mistari: tarehe, nani, mtaa, tumetoa nini, tumerudi kumwona lini. Yule binti wa nauli nimepata namba yake kwa mama yake mdogo, ni mwalimu Chunya sasa, kaniambia julai anakuja na anataka kuchangia damu na sisi.

@Kamwene_IR yule bibi mlimlipia tena?

Kamwene_IR
Tulimlipia wiki ileile. Kila mwaka mpaka alipofariki.