Safari ya Faza: kikundi cha nyumbani

*Jumatatu*

Dada Mwanaisha, saa 1:10 asubuhi
Asalaam aleikum nyote. Utabiri wa wiki wa kaunti ya Lamu umetoka. Kesho na Jumatano manyunyu alfajiri na usiku, mchana jua. Kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi kusi litapita kilomita 45 kwa saa, mawimbi ya nje zaidi ya mita 2. Nikahi ni Ijumaa baada ya laasiri. Twende Ijumaa asubuhi kama tulivyopanga, au tutangulie Jumatano? Mwenye boti ataka jibu kabla ya isha.

Dada Mwanaisha, saa 2:35
Watu 19 mmesoma. Nijibuni.

Swaleh, saa 3:02
Mimi siku yoyote, bora pilau iwepo 😂

Zuhura, saa 3:04
Huyu siku ya posa alikula mpaka boti ikamwacha gatini!

Swaleh, saa 3:05
Nilikuwa nawabebea sufuria jamani

Bi Khadija, saa 3:11
😂😂 Na kifuniko hakikuonekana hadi leo

Dada Mwanaisha, saa 3:12
Tafadhalini. Kuna masanduku ya bibi arusi, na nguo zikirowa chumvi hazivaliki. Turubai liko kwa nani?

Dada Mwanaisha, saa 3:40
Athman, turubai langu. Ni mwaka wa pili.

Athman, saa 6:20 mchana
Dada, hilo turubai nililishika kwa sababu dizeli ya safari ile nililipa peke yangu. Mlisema mtachanga. Hakuna aliyechanga, na sikusema kitu.

Bi Khadija, saa 6:31
Mimi nilimpa mtu changu mkononi.

Athman, saa 6:32
Hakikunifikia, mama.

Nuru, saa 10:15 jioni
Nimemsomea Babu yote. Asema niandike kama alivyonena:
"Ijumaa mwezi kumi na tano, ni bamvua, mai hujaa na kutoka sana. Mai hujaa saa kumi jioni. Saa nne asubuhi mai yametoka, mlango wa Mkanda ni mtanga na matope, boti yenye mizigo haipiti. Mukizunguka nde ya Manda, kusi litawasukuma kwenda, na kurudi mutalikabili kwa uso, na watoto ndani. Sitaki. Endani Jumatano, mutoke saa saba mai yakijaa, mupite ndani. Kurudi, mungoje upepo upungue. Na Athman alipwe dizeli yake."

Dada Mwanaisha, saa 10:58
Haya Babu, tumesikia. Jumatano saa 7 mchana, gatini saa 6 na nusu. Andikeni majina.

Swaleh, saa 11:03
Mimi. Na mchango wa dizeli natuma sasa hivi.

Zuhura, saa 12:40
Mimi Jumatano nina zamu mpaka jioni, na Jumatatu lazima niwe kazini. Tukingoja upepo upungue, ni mpaka lini?

Bi Khadija, saa 1:15 usiku
Na mabuyu niliyoagizwa hayajakauka rangi. Kwa manyunyu haya nitayaanika wapi?

Athman, saa 1:50
Turubai nitalileta kesho. Lina tundu pembeni, nimelishona kwa uzi wa nyavu, lakini mshono ukipigwa na maji hupitisha tone tone. Masanduku yawekwe upande wa pili.

Dada Mwanaisha, saa 1:52
Ahsante mdogo wangu. Lilete nilione.

Dada Mwanaisha, saa 2:30
Nina majina 7 tu na mwenye boti yuko mlangoni. Zuhura, nipigie.