Barua ya Kiingereza imemla dada yangu laki na kumi, kisa "to" na "by"

Wakuu salaam. Naandika nina hasira, siku ya tatu hii silali vizuri, uzi ukiwa mrefu mnivumilie.

Dada yangu anafanya usafi na kupika chai kwenye ofisi ya shirika moja hapa Kigoma, jina naliacha. Ana miaka sita pale, hajawahi kupewa hata onyo la mdomo. Mshahara ulikuwa 450,000. Sote tunajua Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa 2025 mashirika yanayoishi kwa pesa ya nje yalianza kubana, na huku kwetu kwenye kambi za wakimbizi watu walishajiandaa kisaikolojia. Kwaiyo mtu asije hapa kuniambia pesa hakuna. Najua hakuna. Dada naye anajua.

Wakaitwa wafanyakazi wa chini wote, wapishi, walinzi, wafagiaji, wakapewa kila mtu barua yake, ukurasa mmoja na nusu, Kiingereza mwanzo mwisho. Msimamizi akasema "jamani mishahara imepungua, kiasi chako kipo kwenye barua, saini hapo chini". Dada akatafuta namba akaiona, 170,000. Akapiga hesabu palepale kichwani, 450 toa 170 inabaki 280. Ikamuuma ila akasema bora kuliko kukaa nyumbani, akasaini.

Kwa hiyo 280 akapanga maisha upya. Akamhamisha mtoto kutoka bweni arudi kutwa, akaongea na mwenye nyumba, akakopa laki tano kwenye kikoba na kukubali marejesho ya 60,000 kwa mwezi kwa sababu kwenye 280 inawezekana. Mwisho wa mwezi ikaingia meseji ya benki, 170,000. Akasubiri siku mbili akidhani nyingine inakuja. Alipoenda kwa mhasibu akaulizwa "si ulisaini mwenyewe?"

Hapo ndo nikaichukua ile barua nikaipeleka kwa mwalimu mmoja wa hapa mjini, mtaa wa Mwanga. Hakutumia hata dakika moja. Imeandikwa mshahara "shall be reduced to" 170,000. Yaani umeshushwa HADI laki na sabini. Ingekuwa "reduced by" ndo ungekuwa umepunguzwa KWA laki na sabini, dada angekuwa sahihi na angepata 280 yake. Herufi mbili huku, herufi mbili kule, laki na kumi kila mwezi imeenda. Kwa Kiswahili hata mtoto wa la tatu huwezi kumchanganyia "kwa" na "hadi" kwenye hela.

Na hiyo sio yote. Chini kidogo wameandika "transport allowance" imekuwa "withdrawn". Sasa dada neno withdraw analijua vizuri sana, ana laini mbili za simu, kila wiki yupo kwa wakala anafanya widro. Kwake hilo ni neno la kutoa pesa ukazishika mkononi. Alivyoliona pale akafurahi jamani, akadhani nauli wataanza kuitoa cash badala ya kuiingiza na mshahara. Kumbe wameifuta. Nilipomweleza alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza "sasa mbona wasiseme wameifuta?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo anatembea kwa mguu kutoka Gungu.

Nikamwomba mwalimu anisomee barua nzima tena polepole, nikawa naandika kila neno lenye maana ya kitu kupotea. Reduced, withdrawn, phased out, discontinued, adjusted downwards. Ukurasa mmoja na nusu maneno matano, na kila moja analichukulia kitu. Bima ya watoto ndo "phased out", yaani itaisha kidogokidogo mpaka ife yenyewe. Mlezi wa watoto watatu anaambiwa hivyo kwa lugha asiyoijua.

Mwalimu akanionyesha kitu kingine ambacho ndo kimenifanya nije huku kabisa. Anasema hawa wenzetu wana neno kama "decrease", unaweza kusema mtu ka-decrease mshahara, na unaweza kusema mshahara ume-decrease, neno lilelile halibadiliki, mtendaji ukitaka unamweka usipotaka unamwacha. Kiswahili hakikupi huo upenyo. Ukisema umepungua ni kama maji ya ziwa kiangazi, hakuna mtu. Ukisema umepunguzwa kuna mtu amefanya, hata kama humtaji kila anayesikiliza anajua yupo. Ukisema wamepunguza basi amesimama pale mbele yako. Tunabadilisha silabi moja tu na mtu anaonekana. Sasa mrudie yule msimamizi, alisema nini? "Mishahara IMEPUNGUA." Kwenye barua ni "shall be reduced", ambayo kwa Kiswahili ni itapunguzwa, maana yake kuna mtu amekaa mezani akaamua. Yeye alipotafsiri akaongea kama mtu anayetoa taarifa ya mvua, na hapo ndo alipowanyang'anya watu nafasi ya kuuliza nani kaamua na kwa kigezo gani.

Najua kuna watakaosema ajifunze Kiingereza. Ana darasa la saba, kama mamilioni ya watu nchi hii, amesoma kwa Kiswahili miaka yote saba. Na hata hao waliovuka sekondari msidhani wamepona. Mtoto wangu yuko form one, juzi kaletewa hesabu "subtract 8 from 15" akaandika 8 toa 15, kwa sababu ameona 8 imeanza, na msingi alizoea 15 toa 8 inavyosomeka ndivyo inavyoandikwa. Kapewa mkasi. Hesabu anaijua, ni Kiingereza kilichomgeuzia namba.

Halafu nisikilizeni. Ofisi hiyohiyo, nimeenda nimeona kwa macho yangu, chooni wamebandika "ukimaliza mwaga maji". Jikoni "osha kikombe chako". Getini "magari yote yakaguliwe". Kiswahili kizuri kabisa, herufi kubwa. Kwaiyo wakitaka dada aelewe wanajua lugha ya kutumia! Ikifika kumkata hela na kumwondolea bima ya watoto ndo Kiswahili kimewaishia? Hili ndo linaniuma kuliko hata hiyo laki na kumi.

Na sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 15 inasema mfanyakazi asipoelewa maelezo ya ajira yake yaliyoandikwa, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa, na kukiwa na mabadiliko ashauriane nae. Ashauriane, sio amwambie saini hapo chini. Mahakamani kwenyewe sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, leo hakimu anaweza kuongea na dada yangu Kiswahili, shirika lenye wafagiaji na wapishi wachache tu linashindwa nini?

Ninachotaka kwenu wakuu ni msaada sio pole. Nimeambiwa mgogoro wa namna hii unapelekwa CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, na dada alisaini siku 41 zilizopita. Je, sahihi yake pale chini inammaliza, au kutokuelezwa kunaweza kuivunja hiyo barua? Walinzi wawili nao wamegundua juzi walielewa vilevile alivyoelewa dada, wako tayari kusema. Aliyewahi kupeleka kesi kama hii aje hapa aniambie alianzia wapi na alibeba karatasi gani, Jumatatu asubuhi nataka niwe mlangoni kwa hao CMA.