Mjadala: Kesi ya mtoto ikifika mahakamani, malalamiko dhidi ya halmashauri yafe?

Ndugu zangu, hasa mnaolea watoto huku Uingereza, naleta hili tulijadili. Wanangu wawili wameshanirudia, kwa hiyo siombi msaada. Nauliza: kesi ya mtoto ikishafika mahakamani, mzazi anyimwe nafasi ya kulalamikia yale halmashauri iliyoyafanya kabla ya kesi?

Halmashauri siitaji, wala maafisa. Sheria ya 1960 inabana sana kutangaza yaliyosemwa kwenye kesi za watoto zinazosikilizwa faragha, na sitaki kuwaponza wanangu.

Yangu yalianza na alama mkononi mwa mdogo. Mwalimu aliiona akaripoti, na kwa hilo simlaumu kabisa. Jioni wakaja maafisa wawili wa ustawi wa jamii. Mkalimani alikuwa kwenye simu, imewekwa juu ya meza ya jikoni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Wali ulikuwa unaungua na mimi naogopa hata kuinuka kuzima jiko. Mkalimani mwenyewe Mkongo. "Batoto batalala fasi ingine," akasema. Mimi mtu wa Tanga nikaelewa ni usiku ule mmoja, nikatia saini. Walilala huko wiki 7.

Kumbe nilichosaini kinatokana na kifungu cha 20 cha Sheria ya Watoto ya 1989: mzazi anakubali kwa hiari mtoto akae mikononi mwa halmashauri. Hakimu hayupo hapo. Na kwa kawaida mzazi anaweza kumdai mwanawe siku yoyote. Mahakama ya Juu ililisisitiza hilo mwaka 2018. Hayo sikuambiwa. Kama hatari ilikuwa ya papo hapo, polisi wana uwezo wa kumweka mtoto mahali salama kwa saa 72, au halmashauri iende kwa hakimu kuomba amri ya dharura, ambayo kwanza haizidi siku 8. Njia hizo zina kikomo. Karatasi yangu haikuwa nacho.

Nilipoanza kuwadai watoto ndipo ikafunguliwa kesi. Hakimu akapima swali lake: je, watoto wamepata madhara makubwa, au wanaelekea kuyapata? Hakuridhika, watoto wakarudi. Nikaandika malalamiko juu ya mkalimani, saini na zile wiki 7. Barua ya majibu ilikuwa aya moja: suala limeshapita mahakamani, hatuwezi kulichunguza.

Dada mmoja ninayeswali naye anaona wamefanya sawa. Anasema kila mzazi akiruhusiwa kuwaandama maafisa baada ya kesi, wataogopa kugonga mlango na mtoto atakufa. Akanikumbusha Victoria Climbié, aliyetoka Ivory Coast akaja kulelewa na ndugu wa ukoo, akafa kwa mateso London mwaka 2000 akiwa na miaka 8, huku halmashauri zaidi ya moja zikiwa na habari zake. Hoja hiyo ilininyamazisha siku nzima, maana mimi pia nataka mlango ugongwe.

Lakini ripoti ya Lord Laming ya 2003 juu ya kifo chake ilipendekeza wazi kwamba ikibidi kuzungumza na mtoto kwa ajili ya usalama wake, na lugha yake ya kwanza si Kiingereza, lazima awepo mkalimani. Kuelewana ni sehemu ya kumlinda mtoto. Mzazi asiyeelewa anachosaini hawezi hata kumweleza afisa kilichotokea.

Wala silalamikii uamuzi wa hakimu. Anayeupinga ana njia ya rufaa. Nalalamikia mwenendo wa jioni moja kabla hakimu hajalijua jina langu. Nimekuja kujua kwamba kanuni za malalamiko za 2006 zinairuhusu halmashauri kusimamisha lalamiko likiweza kuvuruga kesi, na mzazi akalirudisha ndani ya mwaka 1 kesi ikiisha. Langu nimelirudisha wiki iliyopita, nikaambatisha nakala ya ile karatasi.

Mnaoona mlango huo ufungwe, nijibuni hili: mahakamani hakuna aliyeuliza mkalimani alisema nini. Sasa nani aulize?