Walimu wa kwaya, tarehe mnabadilisha nyie, lawama tunabebeshwa waimbaji

Wakuu, leo nina hasira, nivumilieni.

Naimba sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, kwenye kwaya mbili, zote za ridhaa. Hakuna anayenilipa, na sidai kulipwa. Msimu ulipoanza nilimpelekea kila mwalimu tarehe za kwaya nyingine kwa maandishi, nikauliza kama kuna zinazogongana. Wote wakajibu hakuna shida. Nikapanga na zamu zangu za kazini kufuata tarehe hizo.

Juzi usiku mmoja wao katupia ujumbe kwenye grupu: "Onyesho limehamia Jumamosi inayofuata. Sitaki udhuru." Basi, kamaliza. Hakuuliza nani atakuwepo, hakusema hata sababu. Jumamosi hiyo, saa hizohizo, kwaya nyingine ina tamasha na mimi nina solo. Nikamfuata pembeni, nikamrushia yale makubaliano yetu. Akanijibu: "Chagua unapopapenda."

Hapo ndipo aliponichefua. Mapenzi yanaingiaje hapa? Tarehe ya tamasha haijasogea hata siku moja, iliyohama ni ya kwake, halafu asubuhi nasikia anawaambia wenzangu kwamba sina msimamo! Nakala yangu ya noti imejaa alama za penseli za kila pahali pa kuvuta pumzi, kuna kurasa zimeanza kuchanika kwa kufunuliwa. Huyo ndiye asiye na msimamo?

Mwimbaji wa kulipwa ana mkataba, tarehe ikibadilishwa ana pa kushikia. Sisi tumeshika neno la mwalimu tu.

Na wale mnaotaka kunishauri niombe saa zipishane, niimbe huku kisha nikimbilie kule, tafadhali. Mwimbaji wa sauti ya tatu akishika ile noti ya juu ya La (A), nyuzi zake za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Pasha sauti, imba onyesho zima, rudia jioni ukumbi mwingine, uone kesho yake utaamkia sauti gani. Solo ndiyo itakayoumia, na aibu itakuwa yangu.

Sikatai kwamba ukumbi unaweza kukosekana. Ikitokea, sema. Weka tarehe mbili tatu mezani, watu wajibu, ndipo utangaze. Na aliyekwisha kutaja tarehe zake tangu mwanzo aachiwe aende bila kusemwa, arudi onyesho linalofuata. Kukosa mazoezi ya mwisho na kuzuiwa kuimba, hiyo sheria naikubali kabisa, maana inajulikana mapema. Hii ya kushtukizwa usiku siikubali.

Nimeshamwambia naenda kwenye tamasha nililoahidi. Kanitoa kwenye grupu hapohapo, na kwaya nyingi zinalia hazina sauti ya tatu.

Walimu mliomo humu, nijibuni: mkitaka kuhamisha tarehe, mnaanza kumuuliza nani?