Rangi, tiles na shawa ya umeme: nifanye mwenyewe au niite fundi?

kigamboni_kwetu: Habarini wakuu. Nina nyumba Kigamboni, nataka kupaka rangi sebule, kuweka tiles bafuni na kufunga shawa ya umeme. Fundi kataja laki tano, ufundi tu, vifaa juu yangu. Nawaza rangi si rola na brashi tu, nifanye mwenyewe? Ila ukuta kwa chini unatoa unga mweupe na rangi ya zamani inabanduka.

mzee_wa_saiti: Mkuu hiyo ni chumvi, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi unakuja nayo, au mchanga wa kujengea ulikuwa wa baharini. Hapo upake wewe apake fundi wa milioni, itabanduka tu. Plasta ibanduliwe mpaka kama nusu mita juu ya alama ya unyevu, ukuta uachwe ukauke kabisa, ipigwe plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, halafu subiri kama wiki nne ndo upake. Plasta mpe fundi. Na fundi anayekwambia "tunapiga skimu juu yake inaisha", yaani ule udongo laini mweupe wa kulainisha ukuta, achana naye, anafukia tatizo kwa hela yako.

bi_chumbageni: Rangi paka mwenyewe bwana! Mimi nyumba yangu Tanga napaka mwenyewe na wanangu. Kazi iko kwenye kukwangua na msasa, hapo ndo mafundi wengi wanaruka maana wanakimbilia saiti nyingine. Lita moja inakula kama mita 10 za mraba mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, sebule ya 4 kwa 4 yenye ukuta wa mita 3 ni mita 48, toa mlango na madirisha ibaki kama 40, mikono miwili ni lita 8 hivi. Ukiambiwa ununue ndoo mbili za lita 20 kwa sebule hiyo uliza zinaenda wapi.

wa_likoni: Mimi niko Mombasa. Tiles za ukutani ukiwa na pima maji na subira unaweza, lakini sakafu ya bafu muachie fundi, lazima ilale kidogo kuelekea kwenye tundu la maji, ikikosewa maji yanasimama kwa kona kila siku. Kabla ya kumlipa pita na sarafu ugonge tile moja moja, ikilia kama kuna uwazi chini haijashika, aing'oe airudie.

waya_mwekundu: Shawa usiguse, nakuomba. Ya wati 5500 kwa volti 230 inavuta kama ampia 24, ukiiunga kwenye waya wa taa wa 1.5 (unene kwa milimita za mraba) unachemka ndani ya ukuta na wewe huoni. Inataka laini yake peke yake toka kwenye swichi kuu, waya wa 4 au 6 kutegemea umbali, breka yake, na eathi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini ukivuja, inayofanya kazi kweli, maana unasimama kwenye maji. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji hapa Tanzania, mwambie akuoneshe. Kenya wanaitoa EPRA.

kigamboni_kwetu: Dah, asanteni sana. Basi rangi yangu, plasta, sakafu na shawa za fundi. Malipo je, anataka nusu kabla hajaanza?

bi_chumbageni: Usimpe nusu. Vifaa nenda mkanunue pamoja dukani, risiti ubaki nayo wewe, ufundi mlipe kwa hatua, plasta ikiisha unalipa ya plasta, na ya bafu usimalizie mpaka umwage ndoo ya maji uone yanaelekea wapi.